Sahani ya Kwanza

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, mama ntilie hula mwisho. Haijaandikwa popote, lakini ndivyo ilivyo: wapagazi wale, wachuuzi wa samaki wale, ukoko ukibaki ndio riziki ya mpishi. Kwa hiyo Mwaija alipoanza kujipakulia sahani yake kabla mteja hajakalia benchi, watu waliona. Wakamtania wiki nzima.

"Ee, Mwaija! Siku hizi unakula kama bwana harusi!"

"Kaa chini usubiri," aliwajibu akicheka. "Mpishi mwenye njaa hutia chumvi mara mbili."

Hawakujua kwamba sahani ile aliagizwa na Paskazia.

Paskazia alikuwa mwanafunzi wa lishe, mwaka wa mwisho wa diploma, aliyepelekwa kufanya mazoezi katika kituo kimoja cha afya kisicho mbali na soko. Mwaija alimjia akiwa na kilo thelathini na nane, ameanza dawa za kifua kikuu mwezi ule ule. Kabla hajakaa, aliufunga mlango kwa mkono wake.

"Mwanangu, mimi napika. Watu wakijua, nimekwisha."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Linalosemwa humu linafia humu."

Basi Mwaija akasema. Alipoulizwa jana amekula nini, hakuficha hata punje: chai ya rangi, ukoko, na mchuzi aliopangusa kwenye sufuria. Paskazia aliweka kalamu chini. Mwanamke huyu alishibisha watu arobaini kwa siku, na mwenyewe alikuwa anakufa njaa jikoni kwake.

"Kuanzia kesho, sahani ya kwanza ni yako. Iliyojaa, na samaki juu. Wateja baadaye."

"Watanicheka."

"Wakucheke ukiwa hai."

Miezi miwili baadaye mzani ulisoma arobaini na nne. Walishikana mikono mbele ya mzani wakaruka kama watoto waliofunga goli.

Kisha ikaja siku ya mtihani wa Paskazia: kufundisha kina mama. Mwalimu Jonathan alifika kutoka chuoni na fomu yake, akaketi nyuma ya kina mama waliojaa benchi la kliniki asubuhi ile. Alikuwa amemwonya mapema: "Usinihubirie vitamini. Nataka mfano hai."

Paskazia alikuwa nao mmoja, mzuri kuliko yote. Alijihadhari. Hakutaja jina. Hakutaja umri wala mtaa.

"Kuna mama mmoja," alianza, "anapika chakula cha kuuza. Aliugua kifua kikuu, akakonda mno. Mnajua tulimshauri nini? Ajipakulie yeye kwanza, kabla ya wateja wake. Leo ameongezeka kilo sita!"

Benchi zima lilinyamaza. Selina, mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni aliyekuwa akimbembeleza mwanawe, aliacha kumtikisa. Paskazia aliutazama ukimya ule, akafurahi. Alidhani wanajifunza.

"Tisini na mbili," alisema mwalimu Jonathan wakiwa wawili. "Na faragha umeilinda. Hukutaja jina. Safi sana."

Ilimchukua siku tatu kujua. Dorotea, muuguzi wa dawa, alimwita dirishani: Mwaija hakuja kuchukua dawa zake. Paskazia akavua koti jeupe, akashuka Mwaloni.

Ilikuwa saa saba mchana, saa ya njaa. Benchi la Mwaija lilikuwa tupu. Sufuria ya furu, visamaki vya ziwani vilivyoungwa kwa karanga, ilikuwa imejaa hadi ukingoni, mafuta yameganda juu. Hatua kumi kutoka pale, wapagazi walikula wamesimama kwa mpishi mwingine, migongo wamemgeuzia.

"Shikamoo, mama."

Mwaija aliendelea kupangusa benchi, uso chini.

"Sikutaja jina lako. Naapa kwa Mungu, sikulitaja."

"Afadhali ungelitaja," Mwaija alisema polepole. "Kina Mwaija tuko wengi Kirumba. Anayejipakulia kwanza ni nani mwingine?"

Paskazia alijua kifua kikuu hakiambukizwi kwa sahani. Angeweza kupanda juu ya benchi lile akawatangazia wapagazi wote. Lakini kwa kinywa hicho hicho angewathibitishia.

"Nipakulie," alisema. "Nitakula hapa, waone."

"Waone nini? Kwamba mtu wa kituoni amekuja kunisafisha? Hata huruma yako inanitangaza. Nenda."

"Na dawa, mama? Umebakiza miezi mitatu."

"Dirisha la dawa linatazamana na benchi lile ulilolihutubia. Nitavuka ziwa pale Kigongo, niende kwa dada yangu Sengerema."

"Nikuandikie barua ya uhamisho, uendelee huko huko."

"Wewe?" Mwaija alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe tena, uandike habari zangu?"

Barua iliandikwa na Dorotea. Ikakaa kwenye droo. Juma lililofuata, pale palipokuwa na mafiga ya Mwaija palikuwa na mtu anauza vocha.

Paskazia alimwendea mwalimu Jonathan akamwomba afute zile alama. Mwalimu alimcheka. "Kanuni inakataza jina tu, binti. Usijitafutie dhambi. Tena Jumatatu naleta mwaka wa kwanza wakusikilize. Rudia ule ule."

Jumatatu wakaja, madaftari mapajani. Alitamani kuwaeleza alichokifanya, hatua kwa hatua, na jina lake mwenyewe mbele. Lakini akikieleza atakuwa amemvua Mwaija nguo mara ya pili. Hata toba yake ilikuwa na jina la mtu mwingine ndani. Akafundisha mchicha.

"Mfano hai?" mwalimu alimkumbusha, kalamu juu ya fomu.

"Sina."

Kalamu ikashuka. Kwenye benchi Selina akanyoosha mkono, macho yakimng'aa.

"Dada, na yule wa sahani? Kapona?"

Kina mama wote wakainama mbele kusikiliza.

"Simjui mnayemsema," alijibu Paskazia.

Wakacheka. Walijua anamjua, na yeye alijua wanajua. Akageukia ubao akaendelea na mchicha.