Friji ya Nyakio Kambini kwa Chifu

Kila asubuhi, kabla hata ya kubandika chai, Nyakio alikwenda chooni na karatasi mkononi, na huko alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza, kuogopa kuitazama ile karatasi. Ya pili, kuitazama. Ya tatu, kutoka nayo hadi mlangoni aitazame tena kwa mwanga wa jua, maana balbu ya choo cha wapangaji wote wa ploti iliungua tangu Pasaka na mwenye nyumba alisema mtu mzima hahitaji taa kujua anachofanya.

Leo karatasi ilikuwa nyeupe. Damu haikuwa imekuja. Basi wale wageni wawili walikuwa bado ndani.

Wageni ndilo jina alilowapa. Daktari wa kliniki alikuwa na jina lake refu, akamwonyesha kwenye kioo cha mashine: nukta mbili tu, mayai yake yeye na mbegu ya mumewe, vilivyokutanishwa ndani ya kichupa halafu vikarudishwa tumboni kwa mrija mwembamba. "Sasa tungoje," daktari akasema, "wiki ijayo tupime damu tuone kama imeshika." Tangu hapo Nyakio alitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Wageni waliingia, wakanyamaza, hawakusema kama watalala au wanapita tu.

Alinawa mikono, akarudi chumbani kuchukua dawa ya asubuhi kwenye friji.

Friji haikuwepo.

Pale ilipokuwa ikisimama palibaki mraba wa sakafu safi na mende mmoja aliyeduwaa kama yeye.

"Mburu!"

Mumewe, fundi wa rejeta za magari, alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda kwa sababu viti navyo vilikuwa vimekwenda. Alikuwa anakunywa chai na uso wa mtu anayengoja kushukuriwa.

"Nilitaka ukitoka kitandani ukute kazi imeisha," alisema. "Githinji wa lori amepita alfajiri. Friji, viti, tivi, mpaka ile mashine yako ya kufuma sweta. Saa hizi viko njiani kwenda Nakuru kwa shangazi. Mara hii wakichoma, wachome kuta za mwenye nyumba."

Kura ilikuwa kesho. Tangu nyumba yao ya Burnt Forest iteketee katika ghasia za uchaguzi mwaka 2008 na kila kilichokuwemo, hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao na ya majirani zao wengi: uchaguzi ukikaribia, vitu vinatangulia. Miaka mingine watu walifuata vitu. Mwaka huu kliniki ilimkataza Nyakio kusafiri. Kwa hiyo vitu vilikimbia, na wenye vitu wakabaki kulinda nyumba tupu.

"Na dawa?" Nyakio aliuliza.

"Dawa gani?"

"Mburu. Dawa ya kliniki. Ilikuwa kwa mlango wa friji, nyuma ya siagi."

Mburu akashusha kikombe. "Si dawa hukaa kwa kabati?"

"Hii inataka baridi! Unafikiri kwa nini nakugombeza ukizima friji?"

"Niliona kaboksi. Nikadhani ni... mambo ya wanawake."

"Ni mambo ya wanawake! Na yako ndani pia, kama umesahau."

Alimpigia Githinji. Mteja hapatikani. Akampigia Sista Amondi, muuguzi wa kliniki, ambaye alipokea katikati ya kelele za kuku na watoto. Alikuwa safarini kwenda Siaya kupiga kura.

"Sista, nikikosa dozi moja tu?"

"Usikose."

"Lakini nikikosa?"

"Mama, usikose. Hiyo ndiyo inashikilia ukuta wa tumbo. Ukichelewa kidogo sawa, lakini leo hii uiweke, ulale nusu saa, miguu juu. Kliniki? Tumefunga mpaka kura ihesabiwe. Daktari ako Nairobi, na ufunguo wa stoo ako nao." Kisha sauti ikalainika. "Na usilie sana. Kulia hakusaidii chochote huko chini."

Kwenye duka la dawa la barabarani, kijana Kiptoo alisoma jina la dawa kwenye simu ya Nyakio mara mbili, akatikisa kichwa. "Hiyo hata sijawahi kuiona, mathe. Wiki hii watu wananunua bandeji tu, na mishumaa. Sijui wanajua nini mimi sijui."

Nyakio alikuwa ameegemea kaunta, amefumba macho, Githinji alipopiga simu.

"Wamenishika, dada! Hata mjini sijatoka. Niko hapa kwa kizuizi. Chifu amesema hakuna kuhama, eti nchi iko na amani. Vitu vyote vimeshushwa kambini kwake, pale kwa ofisi."

"Asante Yesu!" Nyakio akasema.

"Umesema?"

"Nimesema pole."

Nyakio alikatazwa kupanda bodaboda, hivyo walikwenda kwa miguu. Mburu alitangulia akimwonyesha kila shimo na kila jiwe, kama askari anayetafuta mabomu. "Hapa kuna matope. Hapa kuna waya. Hapa ingia pole."

"Mburu, nina mimba labda. Sina upofu."

Mlango wa duka la jumla ulikuwa na foleni ndefu ya unga wa serikali, na ndani hakukuwa na unga. Maduka mengine yalifungua nusu mlango, tayari kufunga. Watu walisalimiana kwa adabu kupita kiasi, kama wagonjwa wa wodi moja. Kulikuwa na ile baridi ya Eldoret ya mwezi wa nane inayopenya hadi kwenye meno, na kwa mara ya kwanza tangu aijue, Nyakio aliiombea izidi.

Uwanja wa kambi ya Chifu ulikuwa kama ploti nzima iliyovuliwa kuta na paa kwa mpigo mmoja. Vitanda, masufuria, picha za harusi. Godoro la mtu lilitandazwa peupe na ramani yake ya mkojo wa mtoto, dunia nzima isome. Karibu na mlingoti wa bendera, friji ilisimama wima, imefungwa kamba ya katani kiunoni kama mshukiwa.

Askari aliyeitwa Murunga aliinua rungu. "Hakuna kugusa!"

"Ni friji yangu, afande."

"Hiyo sasa ni eksibiti ya kesi, mama. Ya kueneza hofu."

"Friji inaeneza hofu?"

"Ikiwa kwa lori, ndiyo."

"Na ikiwa jikoni inaeneza barafu," alidakia Waceke, jirani yao wa ploti, aliyekuwa amekalia sofa yake mwenyewe katikati ya nyasi kama bibi harusi aliyeachwa.

Chifu alitoka ofisini akifunga vifungo vya kaki. Tumbo lake lilitangulia, kisha yeye.

"Wananchi, hakuna mtu anahama hapa! Mkubwa anakuja kutoka kaunti, na watu wa televisheni. Akifika, kila mtu atabeba vitu vyake akirudi nyumbani, na atabeba akitabasamu. Baada ya hapo fungueni mnachotaka."

"Anafika saa ngapi, Chifu?" Mburu aliuliza.

"Mkubwa haulizwi saa."

"Chifu," Nyakio akasema, "kuna dawa yangu ndani ya hiyo friji."

"Dawa ya nini?"

Mburu akatazama viatu vyake. Hakuna mtu aliyejua, si kwenye ploti, si kanisani, si kwa mama yake Mburu. Pale mtaani kila mwanamke aliitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Ciku, Mama Isaiah. Yeye walimwita Mama Sweta. Waceke akasogea na masikio yote mawili.

"Ya tumbo," Nyakio alisema.

"Tumbo ngojea," Chifu akasema, akipiga lake. "Hata mimi niko na tumbo." Watu wakacheka.

Na katika kicheko hicho Nyakio akarudishwa kambi nyingine, ile ya mahema, mwaka ule wa 2008. Alikuwa na mimba changa, na damu ilikuwa imeanza. Aliomba gari la kumpeleka hospitali. Bwana mmoja mwenye kaki kama hii alimwambia angoje, kuna mkubwa anakuja kuwaona wakimbizi na magari hayaruhusiwi kutoka langoni. Aliketi na koti la Mburu katikati ya mapaja, akangoja. Mkubwa akaja, akapiga picha na watoto wenye afya, akaenda. Mtoto wa Nyakio alikuwa ameshakwenda. Kilichobaki kikaoza kidogo humo ndani, na miaka baadaye daktari wa kliniki alimweleza kwamba mirija yote miwili imeziba, akamuuliza kama aliwahi kuugua. Alijibu kwamba aliwahi kungoja.

Akanyoosha mgongo.

"Ni dawa ya kushikilia mimba, Chifu," alisema, kwa ile sauti ya kuuza sweta siku ya soko. "Nimewekewa watoto wawili kwa kliniki. Bado hawajashika. Hiyo dawa haimezwi, inaingizwa chini. Na dozi ya asubuhi imepita. Unataka nikueleze namna inaingia, ama nifungue friji?"

Hakuna aliyecheka tena. Chifu aliuondoa mkono wake tumboni. Alikuwa na mamlaka juu ya pombe haramu, mipaka ya mashamba na wizi wa kuku, lakini mahali dawa hiyo ilipokuwa inakwenda palikuwa nje ya lokesheni anayoitawala.

"Mama Sweta!" Waceke akapiga ukelele. "Na ukaniambia ni vidonda vya tumbo! Haki ya Mungu, nimekuletea kabichi za kuchemsha mwezi mzima!"

"Nilikudanganya, Waceke. Nisamehe."

"Na ulizila?"

"Mburu alizila."

Waceke aliinama kwenye karai la vyombo vyake, akatoka na kisu cha mboga, na kamba ya katani ikakatika kwa mara moja. Murunga aligeuka akaitazama bendera kama ndiyo kwanza anaiona. Nyakio alipopita karibu yake, alimsikia akinong'ona bila kugeuza kichwa: "Hiyo kliniki iko upande gani, madam? Ni kwa ajili ya bibi yangu. Tumetafuta mtoto sana."

"Kesho kutwa nikiwa hai nitakuonyesha."

Friji ilipofunguka ilimwaga maji, ikatema nusu kabichi na siagi. Boksi la dawa lilikuwa pale pale. Alikibonyeza kidonge kupitia karatasi yake, aone kama kimeyeyuka. Kigumu. Kigumu vya kutosha? Nani angejua? Baridi ya Eldoret ilifanya kazi ambayo stima haikuifanya, lakini dawa ilibebwa, ikarushwa, ikapinduliwa kwenye lori. Huenda ilikuwa dawa bado. Huenda ilikuwa mshumaa tu.

Akatazama choo cha kambi, ambamo hata nzi walikuwa wakitoka. Akageuka akaingia ofisini.

"Hiyo ni ofisi ya serikali!" Chifu akapaza sauti.

"Najua, Chifu. Na mimi ni mwananchi."

Akarudisha mlango. Mburu, bila kuambiwa, akasimama nje na kuuwekea mgongo.

Ndani kulikuwa na sofa ya wageni wa heshima, imetandikwa vitambaa vya kushona kwa mkono. Nyakio alifanya alichotakiwa kufanya, akalala, akaegemeza miguu ukutani kando ya picha ya rais, ile ambayo hutazama kila kitu na haisemi neno. Kisha akaanza kujisikiliza. Palikuwa na kitu kilichovuta chini ya kitovu, kama uzi unapokaza kwenye mashine. Sista alisema mvuto huo unaweza kuwa mtoto anashika. Alisema pia unaweza kuwa anaachia. Alipoulizwa tofauti yake ni nini, alisema hakuna.

Nje injini ya gari kubwa ilinguruma, ikazima. Vidole vikabisha mlango, polepole sana.

"Mama," ilikuwa sauti ya Chifu, na sasa ilikuwa ya mtu anayekopa. "Mkubwa amefika. Toka kidogo tu, utarudi kulala."

"Nusu saa, Chifu."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie kuna amani."

Minong'ono. Viatu. Sauti nzito iliuliza kuna nini humo ndani, kwa nini mtu huyu amezuia mlango wa ofisi ya umma. Mburu alisema jambo, akasukumwa, akasema tena, na buti zikakwaruza sakafu ya veranda. Mlango ukafunguka kwa nguvu.

Mkubwa alisimama kizingitini na suti yake, nyuma yake taa ya kamera. Aliona nyayo mbili za mwanamke zikiwa juu ukutani, soksi moja na tundu, na uso uliogeuka kumtazama bila kunyanyuka.

"Mama, una shida gani?"

Nyakio alihisi ule uzi ukivuta. Hakuthubutu hata kuvuta pumzi yote.

"Rudisha mlango, mheshimiwa," alisema. "Bado."

Mkubwa alimtafuta kwa macho mtu wa kumfungia mlango. Chifu alikuwa ameinamisha kichwa. Murunga alikuwa na bendera yake. Hatimaye, yeye ambaye tangu apewe gari la serikali alikuwa amesahau milango hufungwaje, akakishika kitasa mwenyewe na kuurudisha taratibu, hadi ukagusa.

Baada ya muda sauti yake ilisikika kwenye uwanja, ikiambia kamera kwamba hali ni shwari kabisa, kwamba wananchi hawana hofu yoyote, na kwamba wengine, kama mlivyojionea, wamepumzika.

Nyakio aliweka viganja vyote viwili chini ya kitovu. Uzi ukavuta mara nyingine, kwa nguvu kuliko mwanzo. Akauma midomo, akatulia tuli, asiwasumbue walio ndani kama bado wamo.