Mkondo Usio na wa Kupokea

Namelok alikuwa akiipekua kompyuta tangu asubuhi, na faili la vitendawili vya bibi yake halikuwa na kitu ila mistari ya majaribio: a, a, a, moja, mbili. Kule Olmotonyi, bibi huyo, Koko Yiamat, alikuwa kalazwa chini na kiharusi, ulimi umekufa, masikio mazima. Baba mdogo Lesian alishapiga simu: "Njoo umsomee vitendawili vyake. Huenda vikamwamsha."

Msimu mzima wa mvua Koko alitega kwa Kiarusha, lugha ya kwao, mjukuu akichapa. Programu Namelok aliiandika mwenyewe kwa Lisp, lugha ya kompyuta aliyoipenda chuoni. Sasa Hatibu, aliyesoma naye, amekuja kwake Sekei kusaidia kutafuta.

"Mbona maneno niliyaona kwenye kioo? Tena programu iliniambia 'imepokelewa'!"

"Kioo kinaonyesha chochote unachobonyeza, dada. Hicho usikiamini." Hatibu akashuka na mistari ya programu, kidole kikasimama. "Aisee. Huu mkondo wa kutolea maandishi umeufanyaje?"

Mkondo ni njia ambayo programu hupitishia herufi; huu ulikuwa wa kugawia. Ndani yake mna orodha tu ya mikondo mingine. Herufi ikiingia, Lisp inaipitia orodha, inaupa huu, inaupa ule, kisha inasema tayari. Namelok aliuweka baada ya majaribio ya kwanza, orodha ikiwa tupu, ili takataka zaidi zisijae kwenye faili. Akasahau kulirudisha faili kwenye orodha.

"Kwa hiyo herufi..."

"Ilikuta hakuna wa kupewa, ikaachwa. Kwa Lisp hilo si kosa. Orodha imeisha, kazi imeisha."

"Hata pa kuzishikilia kidogo hapakuwepo?"

"Mkondo wa faili ndio unakusanya herufi kwanza. Huu hauna tumbo. Wallahi ningekuwa na la kufanya, ningefanya."

Namelok akaenda Olmotonyi hivyo hivyo, kompyuta kwapani.

"Shikamoo, Koko."

Jicho moja likacheka. Baba mdogo akamsogezea kigoda. "Haya mwanangu, tega. Alikuwa anakungoja wewe."

Namelok akafungua kompyuta, akajifanya anasoma. "Kitendawili."

"Tega!" Lesian akamjibia mama yake.

"Nyumba yangu haina mlango."

Koko akageuza uso ukutani. Hicho ni cha vitabu vya shule, kila mtoto anakijua. Kisha akauinua mkono wake mzima, akauelekeza kwenye kompyuta.

"Anataka vile vyake," Lesian akasema. "Usimchoshe na hivyo vya darasani."

Namelok akajikamua kichwa. Mkia wa kitendawili kimoja ulimjia, ng'ombe fulani na moshi. Mwanzo wake haukuja. Kioo kilikuwa cheupe.

"Soma basi, mwanangu."

Hapakuwa na cha kusoma. Mkono wa Koko ukabaki juu mpaka Lesian alipoushika, akaurudisha chini ya blanketi.