Kona ya Phanice

Kabla ya kufa, baba yake, fundi wa nyumba pale Roret, alimkatia Phanice pembetatu ya shamba la majani chai kati ya barabara na kijito. "Kona yako ya barabarani ni mraba kama ya mlango," alimwambia. "Usikubali nyingine."

Sasa Phanice alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, na kila alipoitazama kona ile ilimkaa vibaya machoni. Kaka yake Omwenga alicheka.

"Mwalimu, umeanza kutushuku? Mkonge wa mpaka uko palepale Baba alipoupanda. Haya, pima, nitakushikia tepu."

Ndiye aliyekuwa akimvusha kijito hiki mgongoni, miaka ile ya shule ya nasari. Phanice aliona haya hata kuinama kupima.

Kando ya barabara, mita thelathini. Kutoka konani hadi kwenye mkonge, thelathini. Kando ya kijito, thelathini na sita. Akapiga hesabu kwenye kiganja. Thelathini mara thelathini ni mia tisa. Mara mbili, elfu moja mia nane. Thelathini na sita mara yenyewe, elfu moja mia mbili tisini na sita. Kona ingekuwa mraba, hesabu hizo mbili zingelingana.

"Si mraba," alisema.

"Hizo ni za vitabu. Huku ni mlima."

Phanice alirudi na tepu pale kijito kinapokutana na barabara. Baba alipimia kila nyumba kwa kamba moja: tatu, nne, tano. Ikiwa barabarani ni thelathini, basi kutoka konani hadi mpakani ni arobaini na kijitoni ni hamsini. Akapanda na tepu kando ya maji mpaka hamsini. Pale, katikati ya michai anayochuma Omwenga, palikuwa na kisiki cha mkonge kilichofukiwa udongo. Mkonge mchanga ulikuwa umeshachomoza ubavuni mwake.

Mama yao alikuwa akichuma mstari wa pili. Akauona, akazidisha kasi ya mikono.

"Mama, ulijua?"

"Wewe utaolewa, Phanice. Yeye ana watoto wanne."

Phanice alikitwaa kikapu kitupu kilichokuwa karibu na Mama, akakivaa mgongoni, akasimama kwenye mkonge mchanga na kuanza kuchuma akishuka, kuelekea kona yake.

"Wee! Hiyo ni yangu!" Omwenga alipiga kelele kutoka chini.

Machozi yalimziba macho, lakini vidole vyake havikuacha jani hata moja.