Aliyeuawa Athene Hakuwa Mtawala

Usilolijua ni usiku wa giza, na Mwalimu Wegesa aliuingia usiku huo kwa kujiamini kabisa. Alikuwa ametoka Serengeti kuja kufundisha historia shule ya Nkende, na kwa siku ya wazazi akatunga igizo la mji wa Athene, Ugiriki ya kale: Harmodio na rafiki yake wanaficha visu ndani ya matawi, wanamwua Hiparko wa nyumba ya watawala wa mabavu, na mji unawasimamishia sanamu. Waigizaji aliwachagua kwa sauti tu. Simioni, mwenye sauti nzito, akawa Harmodio. Kornelio mpole akapewa kufa kama Hiparko.

Igizo lilikuwa limeshaanza Mwalimu Kisyeri alipomnong'oneza kwamba vijana wale ni wa koo mbili zilizouana kwa ajili ya mpaka wa malisho. Mwezi uliopita tu zilipatanishwa, zikala kiapo kwamba mtu asimwinulie mwenzake silaha, hata kwa mzaha. Na zote zilikuwa pale uwanjani, hawa upande huu, wale upande ule. Wegesa aliogopa, aliogopa hasa, maana kiapo kikivunjwa si yeye atakayezikwa. Kabla hajasimamisha mchezo, Simioni akamchoma mwenzake kwa kisu chake cha mbao, na Kornelio, ambaye mazoezini hakuwahi kuanguka vizuri, siku hiyo akaanguka kama gunia la mahindi.

Hakuna aliyepiga makofi. Wanaume wa upande mmoja wakainuka, wa pili nao wakainuka. Katikati yao akasimama Judith, mama yake Kornelio, muuza mitumba wa Sirari ambaye kaka yake alifia kwenye mpaka ule wa malisho.

"Mwalimu," alisema, "huyo waliyemwua, ndiye aliyekuwa anawatesa?"

Wegesa angeweza kusema ndiyo. Waathene wenyewe walisema ndiyo, tena kwa nyimbo, karamu baada ya karamu. Lakini habari nzima aliijua, na sehemu chungu aliikata mwenyewe ili igizo lipendeze.

"Hapana, mama," alisema. "Mtawala alikuwa kaka yake mkubwa. Huyu alimwaibisha dada yake Harmodio mbele ya watu, ndipo ugomvi ukaanza. Waliomwua wakauawa, na mtawala akabaki, akawa mkali kuliko mwanzo. Sanamu na nyimbo zilikuja baadaye."

Judith akawageukia wanaume wa pande zote mbili. "Kumbe ni ugomvi wa nyumbani umevalishwa ushujaa. Hata sisi nyimbo hizo tunazo."

Mzee mmoja wa upande wa Simioni akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa na ukweli, na wengine wakamfuata. Wanaume wakakaa, mmoja mmoja. Wegesa alishusha pumzi, akaona raha mpaka machozi yakamlengalenga.

Kornelio alikuwa bado amelala chini. Hakuna aliyemwandikia kuamka, naye ni kijana mtiifu. Akauliza, macho yamefumbwa, kama sasa anaruhusiwa.

"Amka, mwanangu," Judith alisema. "Mjomba wako nilimwambia hivyo hivyo, hakuamka."

Simioni akatupa kisu nyasini, akampa mkono, akamwinua.