Jemadari wa Mzee Mok

Mzee Mok Kwai-sang ana ugonjwa wa kuzungukazunguka. Akitaka kunipa keki za mayai, atasema mwenye duka kamzidishia. Akitaka tukae pamoja, atasema benchi lake lina jua. Maghorofa yetu yote hapa Sham Shui Po, Hong Kong, yanajua anachotaka, mimi nikiwemo, ila mwenyewe hasemi. Na mwanangu wa Vancouver alikuwa anangoja jibu jioni hiyo: nihamie kwake au nibaki. Ningebaki. Lakini mjane mzima nibaki kwa ajili ya keki?

Alasiri tukakaa kwenye meza ya sataranji ya Kichina bustanini, watu wametuzunguka, kila mmoja fundi wa mdomo.

"Sau-ping, kweli unaondoka?" Mok aliniuliza, akisogeza farasi.

"Kwani kuna mtu ana la kusema?"

"Kule... kuna baridi sana."

Nilitamani kumwagia chai. Bi Ngan, muuza samaki, uvumilivu ukamwishia. "Wewe mzee! Panga magari ya vita na farasi wako hadharani, tujue unataka nini! Samaki wangu wanaoza nikikungoja wewe!"

Watu wakaangua kicheko. Masikio ya Mok yakawa mekundu. Kati ya jemadari wake na wangu alikuwa amebaki askari wake mmoja tu. Akamshika, akamsogeza pembeni.

Zikazuka kelele.

"Kosa hilo! Majemadari hawatazamani!"

"Mrudishe, mzee, utaliwa!"

Hata mtoto anajua: njia ikiwa wazi, jemadari wa mwenye zamu huruka akamla mwenzake, mchezo ukaisha. Na Mok ndiye bingwa wetu.

"Simrudishi," alisema. "Nimeona vizuri. Nimechoka kuwekewa watu katikati."

Nikafurahi mpaka nikajionea haya.

Nikamnyanyua jemadari wangu, nikamvusha ubao mzima, nikamla wa kwake.

"Umeshindwa," nikamwambia. "Sasa sema kwa mdomo."

"Usiende."

"Endelea."

"Tuoane. Na zile keki, Sau-ping... nilikuwa nanunua."

"Ebo!" akasema Bi Ngan. "Nani alikuwa hajui?"

Nikatoa simu, nikampigia mwanangu pale pale.