Baiskeli Isiyokuwapo

Wageni walipobisha hodi, Koko Claudine alikuwa amekwisha kuifuta meza mara tatu, na bado aliona inanata. Wakaingia wawili: Jérôme, mwalimu wa michezo wa shuleni kwa Noé, na bwana mmoja mrefu, mjumbe wa timu ya Amerika inayolipa watu mshahara wa kucheza besiboli. Mjumbe alishika makaratasi. Noé, mjukuu wake Koko, alikuwa ameketi mezani; akitia saini leo, mwezi ujao anaondoka mtaani kwao Berchem kwenda Amerika.

Kanisani Laeken habari hiyo ilikuwa imekwisha kuleta vichekesho.

"Maman Claudine, mutoto atafanya kazi gani kule?"

"Kutupa."

"Kutupa nini? Poubelle, takataka?"

Wamama walicheka mpaka vilemba vikalegea. Koko naye akacheka. Hakuwaambia anatupa kwa mkono gani.

Sasa Jérôme, kahawa mkononi, alikuwa anasimulia kwa Kifaransa. Koko Kifaransa alikisikia, ila ulimi haukukubali kukisema.

"Mwanzoni alitupa kwa mkono wa kuume," alisema Jérôme, "na mpira ukamwangukia miguuni kama ndizi iliyoiva sana. Wenzake wakamwita tantine, yaani shangazi. Siku moja mmoja akamnyang'anya kofia. Noé akakasirika, akaokota mpira kwa ule mkono mwingine. Paf! Ukavuka uwanja mzima, ukabonyeza mlango wa choo. Alama iko mpaka leo. Nikamwuliza: wewe, mkono huo ulikuwa umeuficha wapi?"

Mjumbe akacheka. Koko hakucheka. Yeye alijua ulikuwa umefichwa wapi.

Toka mlango ule wa choo, mtoto alikwenda kwenye klabu, toka klabu akaingia timu ya vijana ya taifa, wakampeleka Uholanzi, kisha wakaja watu wenye vyombo vya kupima kasi ya mpira. Yote hayo Koko aliyasikia kwa kusikia tu. Hajaenda uwanjani hata mara moja. "Kuko baridi, Koko, bakia tu," ndivyo Noé alivyomwambia kila Jumapili, naye alidhani mtoto anaona haya juu ya kitenge chake na soksi ndani ya sandali.

Mjumbe akageuza karatasi. Daktari kule Woluwe alikuwa amepiga picha mkono mzima, mifupa na mishipa, vyote vizuri. Ulibaki mstari mmoja mtupu. Kovu la kifundoni, mkono wa kushoto: limetoka wapi?

"Baiskeli," Noé akajibu upesi. "Nilianguka nikiwa mdogo."

Kalamu ya mjumbe ikashuka.

"Angoje," Koko akasema.

"Koko, bon, acha."

"Mu hii nyumba baiskeli haiyaingiaka hata siku moja. Mwambie huyu papa, ni miye. Nilikufunga huu mukono wa kushoto na kipande ya kitenge ku kiti, kila saa ya kula na ya devoirs za masomo. Ulikuwa na cinq ans, miaka tano. Tafsiri."

Noé akatazama meza. Akasema kitu kwa Kifaransa, kifupi, na Koko akasikia mtoto amepachika *un peu*, kidogo, katikati.

"Hapana *un peu*! Sema yote. Sema kidonda kilioza, na nikakifunga tena juu yake."

Mtoto akasema yote.

Koko angeweza kuongeza kwamba kwao kumpa mkubwa kitu kwa kushoto ni matusi. Kwamba yeye mwenyewe, katika miaka mitatu aliyosoma Bukavu, aliona watoto wa kushoto wakichapwa rula mpaka wakakojoa. Alidhani anatengeneza muntu. Jérôme aliangalia dirisha. Mjumbe hakumkaripia, wala hakumwambia si kitu. Aliuliza kama panauma bado. Noé akasema hapana. Mjumbe akaandika, akamsukumia makaratasi.

Noé akapokea kalamu kwa kuume, kama alivyofundishwa. Akamtazama nyanya yake. Halafu akaihamishia mkono mwingine, na mkono wa shati ukapanda, kovu likaonekana, jeupe kama uzi.

Mwandiko wa Noé wa mkono wa kuume, Koko aliujua: kadi za sikukuu ya wamama, orodha za soko, herufi zinaangukiana kama walevi. Mara ngapi alimgombeza kwa uvivu!

Noé akaandika jina lake polepole. Herufi zilisimama wima, safi, moja nyuma ya nyingine, kama watoto wa shule mbele ya bendera.

Koko akachukua kitambaa, akaanza tena kufuta meza, mahali pasipokuwa na kitu.

"Kumbe unaandika muzuri," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Noé alisikia. Akaifunika kalamu, akashusha mkono wa shati.