Kastabini ya Dubu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole. Nilikuwa namsugua dubu wa jiwe aliyechongwa na Babu kwa msasa na maji, kazi yangu tangu nilipoacha shule, nikakuta kidole kimoja cha mguu wa mbele kimevaa kastabini, kile kikofia cha kushonea. Nikaendelea kusugua.

Babu Qaunnaq alitaka jambo moja tu: marehemu Bibi aende kusini kwenye maonyesho. Maisha yake yote Bibi alitamani kuona mti uliosimama. Kwetu kaskazini, kwenye barafu, miti hufika imeshakufa, imekuwa milango. Basi Babu akamchonga kwenye jiwe la kijani, ameinamia cherehani yake. Wendell, mnunuzi wa duka la ushirika, akamkataa. Alisema cherehani si mila yetu. Watu wa kusini wanataka dubu anayecheza ngoma kwa mguu mmoja.

"Cherehani hiyo nyanya ya mke wangu aliipata kwa wavuvi wa nyangumi," Babu akamwambia. "Ina umri kuishinda bendera yenu. Na mimi nimewinda dubu miaka hamsini, hakuna hata mmoja aliyenichezea ngoma."

Wendell alicheka sana, lakini Bibi akarudi nyumbani na cherehani yake ndani ya boksi la biskuti.

Ndipo Babu akamchonga dubu huyo. Tulipompeleka, Wendell alimzungusha mezani mpaka akafika kwenye kidole. Akauliza hicho ni nini. Babu, ambaye humtania hata mchungaji, akakauka. Akanigeukia.

"Mama, hebu mwambie."

Huniita Mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, na mama hamwachi mwanawe aaibike. Kwa miaka mitatu sikuwahi kumwambia Wendell neno zaidi ya ndiyo.

"Ni mzimu," nikasema. "Unaanzia kidoleni."

Wageni wakisikia mzimu hawaulizi tena. Wendell alivua kofia, akaandika nusu ukurasa, akamviringisha dubu kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Ndege ya Alhamisi ikamchukua.

Njiani Babu alicheka mpaka akaketi kwenye theluji. Alisema Bibi ataifurahia miti, ila atamnunia kwa kumtuma mbele za watu akiwa dubu, bila suruali. Kisha akapangusa macho.

"Hivi, Mama, kastabini yenyewe ilipotelea wapi? Aliitafuta mpaka akafa."

Nikasema sijui.

Babu, mwanangu, niliivaa siku ile tulipokwenda kuvua samaki. Ilinivuka kidoleni, ikazama kwenye tundu la barafu. Nilikuwa na miaka saba.